Ploti Iliyolala: Je, Kungoja Bei Ipande Ni Kazi?

Maandiko ya juma: Mambo ya Walawi 25:13-31, Isaya 5:8-10, Nehemia 5:1-13



Neno la juma hili ni juu ya ardhi, lakini si kwa njia tuliyoizoea. Tumezoea kuhubiri ardhi kama ahadi. Ibrahimu aliambiwa atazame pande zote nne. Yoshua aliahidiwa kila mahali ambapo mguu wake ungekanyaga. Kwa hiyo wako wapendwa waliozunguka ploti mara saba wakiomba kama Yeriko, na wako waliosimama hapa mbele wakashuhudia kwamba Bwana amewapa ploti ya tatu, na sisi tukapiga makofi na vigelegele. Kumshukuru Mungu si kosa. Lakini liko swali ambalo hatujaliuliza madhabahuni: hiyo ploti ya tatu ni ya nini?

Tuliweke swali wazi. Je, ni haki mbele za Mungu mtu kununua ardhi asiyoihitaji, aiache ilale bila nyumba wala mahindi, angoje mpaka bei ipande, halafu amuuzie mwenye shida kwa bei mara tano? Sheria ya Kenya haikatazi. Mabroka wanaiita uwekezaji, na kwenye harusi na matanga ndiyo stori ya wanaume wenye akili. Lakini Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba si kila kilicho halali kinajenga. Sisi watu wa Neno lazima tupime.

Nani aliyepandisha bei?

Tuchukue mfano. Tuseme ndugu amenunua ploti ya 50 kwa 100, yaani ile ya moja kwa nane ya ekari, kwa shilingi laki tatu. Akaweka vigingi na seng'enge. Kwa mwaka anafika mara moja kuangalia kama mtu hajamwekea kibanda. Baada ya miaka kumi anaiuza milioni moja na nusu. Amepata milioni moja na laki mbili zaidi ya alichotoa.

Sasa tuulize kwa upole: hiyo milioni moja na laki mbili imetoka wapi? Udongo ni ule ule. Yeye hakuchimba kisima wala hakupanda mti. Kilichobadilika kiko nje ya seng'enge yake. Serikali ilileta barabara. Stima ikafika. Wazazi walichanga wakajenga shule. Mama mmoja akafungua duka, mwingine kibanda cha mboga, vijana wa boda boda wakapata steji. Kanisa likaanza kwa hema la turubai, sasa lina mabati na kuta. Kila mmoja wa hao, kwa jasho lake, alikuwa anaongeza pesa kwenye ploti ya mtu ambaye hayuko.

Tumeliona jambo hili kwa macho yetu. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa 2012, karibu kilomita 50 kutoka Nairobi, bei ya ardhi ya Ruiru na Juja haikubaki pale ilipokuwa. Serikali ilipochukua ekari 5,000 za Malili mwaka 2009 ili kujenga mji wa teknolojia wa Konza, watu walikimbilia ardhi ya jirani kabla hata nyumba moja haijasimama. Barabara ya Thika ilijengwa kwa ushuru na kwa mkopo. Mkopo huo unalipwa na mama anayenunua sukari Turkana, ambaye huenda hataipita hata siku moja. Faida ya ardhi iliyo kando yake ilimwendea aliyenunua mapema.

Na sasa tuulize nani analipa. Analipa kijana na mchumba wake wanaochukua mkopo wa sako, na mkopo wote unaishia kwenye udongo kabla hawajanunua jiwe la kwanza. Anayejenga nyumba za kupangisha naye amenunua ardhi kwa bei hiyo, kwa hiyo ataiweka ndani ya kodi. Dada anayelipa kodi ya bedsita kila tarehe tano, na kuogopa kufuli mlangoni ikifika tarehe kumi, analipia saruji na mabati. Pamoja na hayo analipia pia miaka kumi ambayo mtu fulani alikaa akingoja. Tena ukishuka stejini jioni, unapita ploti tupu kumi ndio ufike palipojengwa. Bomba la maji nalo linapita hizo ploti kumi. Nauli ya boda nayo inazipita.

Mungu aliipangaje bei ya ardhi?

Wengi wetu tunajua kwamba Mambo ya Walawi 25 inahusu yubile, mwaka wa hamsini, kila mtu kurudi kwenye milki yake. Lakini tusome polepole mstari wa 14 hadi wa 16. Pale Mungu anafundisha jinsi ya kupanga bei. Mnunuzi na muuzaji wahesabu miaka iliyobaki mpaka yubile. Miaka ikiwa mingi, bei iwe juu. Ikiwa michache, bei ishuke. Sababu yake imetolewa hapo hapo: kinachouzwa ni hesabu ya mavuno. Halafu mstari wa 23 unasema ardhi yenyewe ni ya Bwana, na sisi ni wageni na wapangaji kwake. Ndiyo, wapangaji! Mwenye ploti ishirini na mwenye bedsita moja, mbele za Mungu wote wana Landilodi mmoja.

Oneni hekima ya mpango huo. Katika Israeli, muda ulishusha bei. Aliyenunua shamba akaliacha lilale alikuwa anapoteza, maana kila mwaka uliopita ulimpunguzia mavuno aliyoyalipia. Kwetu muda unapandisha bei, kwa hiyo anayelaza shamba ndiye anayeonekana mwerevu, na anayelima ndiye mjinga. Mungu aliziba mlango huo tangu mwanzo.

Tena mstari wa 29 na wa 30 unasema nyumba iliyo ndani ya mji wenye ukuta, ikiuzwa na mwaka mmoja ukapita bila kukombolewa, inabaki ya mnunuzi daima. Nyumba za vijijini zilihesabiwa pamoja na mashamba, hizo zilirudi. Kwa hiyo Biblia haipingi mtu kumiliki, kujenga, kuuza wala kupata faida. Kazi ya mikono ina ujira wake. Kinachozuiwa ni mtu kuushika msingi wa maisha ya wenzake na kuufanya mtego wa kudumu.

Ndiyo maana Isaya 5:8 inatangaza ole juu ya wanaoongeza nyumba juu ya nyumba na shamba juu ya shamba, mpaka wengine wakose nafasi na wao wabaki peke yao. Mstari unaofuata unaonyesha mwisho wake: majumba mazuri yasiyo na mtu ndani. Mika 2:1-2 inagusa penye kidonda zaidi. Inawataja wanaopanga hila vitandani usiku, na kukipambazuka wananyakua mashamba kwa sababu wana uwezo. Aliyesikia ofisini mahali barabara itakapopita, akaenda kununua kwa mzee ambaye hajasikia, na ajitafute katika andiko hilo. Tume ya Ndung'u, katika ripoti yake ya 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria kwa miongo mingi. Waliopewa wengi hawakuwa na haja ya mahali pa kulala. Walikuwa na haja ya kitu cha kuuza.

Maandiko tunayojitetea nayo

Nimesikia watetezi wakileta maandiko matatu, na ni haki tuyajibu.

La kwanza ni Mathayo 13:44, mtu aliyeona hazina shambani, akaificha, akaenda kulinunua shamba. Wanasema, si hata Yesu alimsifu mtu aliyenyamaza akanunua mapema? Lakini Yesu huyo huyo, katika Mathayo 24:43, alitumia mfano wa mwizi anayekuja usiku, na hakuna anayesema alisifu wizi. Mfano wa hazina unafundisha kwamba Ufalme una thamani ya kuuza kila ulicho nacho. Hautufundishi bei ya ploti za Kitengela.

La pili ni Yeremia 32. Nabii alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Lakini angalieni wakati wake: Babeli ilikuwa imezingira Yerusalemu, na yeye mwenyewe yuko kifungoni. Shamba lile halikuwa na bei sokoni. Alilinunua kwa jamaa yake aliyekuwa na haki ya kukombolewa, liwe ishara kwamba watu watajenga na kulima tena katika nchi ile. Alitoa pesa yake ili wengine wapate tumaini. Anayenunua kwa kungoja faida hutumia tumaini la wengine ili apate pesa.

La tatu ni talanta za Mathayo 25. Mungu anataka faida, wanasema. Ni kweli. Lakini yule mtumwa aliyelaumiwa alifanya nini? Alichimba shimo akaficha pesa ardhini! Wenzake waliopata faida walitoka wakafanya biashara. Ploti iliyolala ni talanta iliyozikwa. Tofauti ni kwamba siku hizi tumepata njia ya kuizika na kulipwa, kwa sababu majirani wanatutolea jasho juu yake.

Tusihukumu ovyo

Hapa niseme na mwenye ploti moja, maana najua moyo wako umeanza kudunda. Tunaishi katika nchi ambayo wengi hawana pensheni. Mama wa sokoni akiweka akiba benki, bei ya vitu inaila. Wako waliotapeliwa na vikundi vya kupanda mbegu ya pesa. Ardhi haitoroki, ndiyo maana watu wanaikimbilia. Mjane aliyeshika ploti ili asomeshe mtoto, mwalimu anayengoja kustaafu ajenge, kijana anayejenga chumba kimoja kwa mwaka, hao Isaya hakuwa anawalenga. Wanatafuta usalama.

Lakini hata hapo tuone ubaya wa mfumo. Tukiifanya ardhi kuwa benki yetu sisi sote, basi akiba ya mzazi inakuwa mzigo wa mtoto. Mama anafurahi ploti yake imepanda, na mwanawe aliyehitimu juzi hawezi kununua hata nusu yake. Wote wawili wameketi kiti kimoja kanisani, na wote wanaomba Mungu afungue mlango. Tunamwomba Mungu bei ipande na ishuke kwa wakati mmoja.

Je, kuna njia nyingine?

Mwamerika mmoja, Henry George, aliliwaza jambo hili kwa undani. Aliona miji ya nchi yake ikitajirika, reli zikijengwa, na bado maskini wakizidi. Mwaka 1878, huko San Francisco, alitoa hotuba juu ya Musa na sheria yake. Mwaka uliofuata, 1879, akatoa kitabu chake Progress and Poverty. Wazo lake ni hili: mtu abaki na ardhi yake, ajenge, auze. Lakini kila mwaka ailipe jamii kwa thamani ya ardhi tupu, kwa sababu thamani hiyo imeletwa na jamii. Nyumba na kazi ya mikono visitozwe. Hapo anayelaza ploti atalipa sawa na jirani aliyejenga, na ataona afadhali ajenge au amwachie anayehitaji.

Wazo hilo si geni Kenya. Ile ada ya kaunti tunayoita reti imekadiriwa kwa miaka mingi katika miji yetu kwa thamani ya ardhi bila kuhesabu jengo. Shida ni utendaji. Nairobi ilitumia orodha ya thamani ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa miongo kadhaa, kana kwamba mji umesimama. Tena, faida ya kuuza ardhi haikutozwa ushuru wake kuanzia 1985 mpaka mwisho wa 2014. Uliporudi 2015 ulikuwa asilimia 5, na tangu 2023 ni asilimia 15. Muda huo wote mshahara wa mwalimu na wa askari ulikatwa kila mwezi bila kukosa.

Siku hizi kuna makato ya nyumba za bei nafuu: asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri anaweka kiasi kama hicho. Kanisa hili lina watu wa maoni mbalimbali juu ya makato hayo, na madhabahu si jukwaa la siasa. Ninauliza swali la haki tu. Ikiwa tunahitaji pesa za kujengea maskini nyumba, je, tuanze kuzitafuta kwa bawabu anayekesha usiku, ama kwa ploti inayolala kando ya lami? Nani kati yao hajafanya kazi?

Mtu atasema ada kama hiyo itamfukuza mama mzee nyumbani kwake. Hofu hiyo ni ya kweli, na sheria ya haki lazima imlinde. Nyumba anayoishi mtu inaweza kupunguziwa, au deni lingojee mpaka siku ya kuuza. Tena ibara ya 68 ya Katiba ya 2010 iliagiza Bunge kutunga sheria ya kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ambayo mtu binafsi anaweza kumiliki. Mswada umewahi kuandikwa, lakini haukufika mwisho. Tukimwombea mbunge wetu, tumkumbushe pia.

Na kuna njia nyingine isiyongoja Bunge. Huko Voi, kaunti ya Taita-Taveta, kuna mtaa unaoitwa Tanzania-Bondeni. Mapema miaka ya 1990 wakaaji wake, waliokuwa wakiishi bila hati, walipata nafasi ya kuchagua watakavyomiliki ardhi. Waliogopa kwamba kila mtu akipewa hati yake, wenye pesa watakuja na wao watauza na kurudi kwenye vibanda kwingine. Wakachagua kuishika ardhi pamoja chini ya udhamini wa jamii. Nyumba ni ya mwenye nyumba. Akihama, anauza alichojenga, ardhi inabaki ya jamii. Haikuwa rahisi, maana benki zinataka hati ya mtu mmoja ndipo zikopeshe, na wako wakaaji waliotamani hati zao wenyewe. Hata hivyo, fikirini: watu wa kipato kidogo walichagua jambo linalofanana na Walawi 25.

Tuanze nyumbani mwa Bwana

Nehemia alipopata habari kwamba watu wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka, aliwakasirikia wakuu. Lakini katika 5:10 anajitaja na yeye na ndugu zake kwamba walikuwa wakikopesha. Hakunyoosha kidole akiwa amesimama pembeni. Siku ile ile mashamba yakarudishwa.

Sisi pia tujitaje. Makanisa mengi yana ardhi iliyolala. Tunamiliki ekari tukingoja mradi mkubwa ambao hauna hata mchoro, huku wahudumu wa mlangoni wanahama kila mwaka kwa sababu ya kodi. Tunapokea fungu la kumi la faida ya ploti bila kuuliza iliuzwa kwa nani na kwa bei gani. Shuhuda zetu zinamtukuza aliyenunua ya tano. Ni lini tulimwita mbele landilodi ambaye hakupandisha kodi mwaka ambao wapangaji wake walipoteza kazi, tukamwombea?

Katika kanisa la kwanza, Barnaba alikuwa na shamba. Akaliuza, akaweka pesa miguuni pa mitume, na Matendo 4:34 inasema hapakuwa na mhitaji kati yao. Hakuna aliyemlazimisha. Alielewa tu kwamba shamba lake lilikuwa na wito mkubwa kuliko bei yake.

Sisi tunapenda neno wakfu. Tunaweka wakfu watoto, vyombo vya muziki, hata magari. Jirani zetu Waislamu wa pwani wanalijua neno hilo kwa maana nzito zaidi: mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, isiyouzwa tena. Je, tukiweka wakfu ploti? Mwenye ploti tatu atenge moja, aiuze kwa bei aliyonunulia, pamoja na gharama zake, kwa familia changa ya hapa ushirikani, kwa makubaliano kwamba nao wakiiuza watafanya vivyo hivyo. Ama kanisa likodishe robo ya ekari yake kwa muda mrefu na kwa kodi ndogo, watu wajenge. Ama asiyeweza kuuza sasa amruhusu mjane apande sukuma wiki na maharagwe ndani ya ile seng'enge mpaka siku ya kujenga. Hilo la mwisho halina gharama yoyote, na linaweza kuanza Jumatatu.

Je, basi, ni dhambi kununua ploti? Hapana. Ni dhambi kupanga maisha yako ili shida ya jirani iwe mavuno yako. Tofauti kati ya hayo mawili haionekani kwenye hatimiliki. Mungu anaiona moyoni, na majirani wanaiona kwenye bei.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Katika mtaa wetu, ni nini kilichopandisha bei ya ardhi miaka kumi iliyopita? Nani alifanya kazi hiyo, na nani alipata faida?

2. Someni Walawi 25:14-17. Mngepanga bei ya ploti kwa kanuni hiyo leo, nani angefurahi na nani angelia?

3. Ni wakati gani kushika ardhi ni akiba ya haki, na ni wakati gani inakuwa kumfungia mwenzako? Kila mmoja ajibu kwanza juu ya yake mwenyewe.

4. Kuna nini ndani ya seng'enge yako? Nani angeweza kukitumia msimu huu wa mvua?

Tuombe: Bwana, nchi ni yako, nasi ni wapangaji wako. Utufundishe kukaa vizuri na wapangaji wenzetu. Katika jina la Yesu, amina.